Mkono Ambao Hakuna Aliyeuinua

"Ngumi," Shemasi Naftali alisema, akainua mkono wa kushoto ndani ya glavu yake nene. "Namna hii. Huyo mtu alisema wimbo ukifika mwisho, wote wanainua mkono wa kushoto, ngumi imefungwa. Kama makomunisti wa kwenye sinema."

Mumbi aliuangalia ule mkono mpaka Shemasi mwenyewe akaona haya, akaurudisha mfukoni.

Walikuwa wamesimama paking ya nyuma ya ukumbi, pale Columbia Heights, na baridi ilikuwa ile ya kukuuma meno ukifungua mdomo. Naftali ndiye aliyeshika funguo za ukumbi huo. Harusi, matanga, kwaya, mikutano ya Wakenya na ya Wakongo, yote yalipitia kwake. Mumbi naye alikuwa askari wa upelelezi kule Nakuru, kabla hajaletwa huku Marekani na ndoa ambayo haikudumu. Siku hizi mawakili wa Minneapolis walimkodi awatafutie mambo ambayo hakuna mwingine ana haja ya kuyatafuta.

Jambo la safari hii lilikuwa binti wa Kikongo, anaitwa Gentille. Jumamosi kikundi chake kilicheza mchezo humo ukumbini, mchezo wa wasaidizi wa nyumba ya wazee wanaogoma kwa sababu mwenzao aliumia mgongo akafukuzwa kazi. Watu walicheka, wakalia, wakapiga makofi. Gentille alipotoka kupeleka nguo za mchezo kwenye gari, wanaume wa uhamiaji waliofunika nyuso wakamchukua papo hapo kwenye theluji. Kadi yake ya kijani, ile ya ukaazi, ilikuwa bado haijatoka. Wakili wake, Alice, aliuliza kosa ni nini, akaambiwa kuna mtu ameripoti: huyu binti anafundisha vijana nyimbo za kikomunisti, na mwisho wa wimbo wanainua ngumi ya kushoto.

Alhamisi hakimu angeamua kama Gentille atangojea kesi nyumbani au atapandishwa ndege kupelekwa jela za kusini. Na ukishafika huko, kurudi ni majaliwa. Leo ilikuwa Jumanne.

"Huyo mtu alikupigia simu," Mumbi alisema.

"Simu ya ukumbi. Ijumaa."

"Sauti ya mwanaume?"

"Mwanaume. Nafikiri aliweka kitambaa mdomoni."

"Kiswahili chake cha wapi?"

"Ah, madam, Kiswahili tu." Naftali alipiga miguu chini kuitafutia joto. "Nikamwambia, ndugu, hayo mpelekee Mungu. Nikakata. Sikumwambia mtu hata mmoja."

"Hata mke wako?"

"Mke wangu ndiye wa mwisho kuambiwa kitu katika nchi hii."

Mumbi alicheka kidogo, kwa adabu. Waliingia ndani. Jukwaa lilikuwa tupu, na nyuma yake palining'inia pazia la kijani lenye mikunjo mipya ya dukani.

"Kwenye picha ya tangazo la mchezo pazia ni jekundu," Mumbi alisema.

"Tumelitoa."

"Nani aliwaambia mlitoe?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyewaambia, na mkalitoa."

"Madam, siku hizi hatungojei kuambiwa." Naftali aliongea kwa sauti ya chini ingawa ukumbini hamkuwa na mtu. "Kwaya ya akina mama nao wameacha vitenge vyekundu, na walikuwa wamevishona kwa Krismasi. Vijana walikuwa na wimbo wa Yesu kugawa mikate, kila mtu apate sawa. Nikawaambia, imbeni ule wa Yesu kutembea juu ya maji. Huo hauna shida."

"Mikate ina shida?"

"Kugawa ndiko kuna shida."

Mumbi alirudi nje peke yake. Geti la nyuma la paking lilitokea kwenye uchochoro. Pembeni theluji ilifika kiunoni, lakini mbele ya geti palikuwa pamekwanguliwa vizuri, upana wa gari, na alama za matairi zilikuwa zimeganda kama zimechongwa. Kufuli jipya lilining'inia kwenye mnyororo.

"Geti hili mnalitumia wakati wa baridi?" Mumbi alimuuliza Naftali alipotoka.

"Eh? Hapana. Nililifungua Jumamosi tu. Gari la chakula."

"Wewe ndiye ulikwangua?"

"Mwenyewe na mgongo wangu huu."

"Pole sana, Shemasi," Mumbi alisema, akaingia garini.

* * *

Kila mtu wa kikundi aliyeulizwa nani alimchoma Gentille kwa watu wa uhamiaji alijibu jina moja: Muriuki. Muriuki ndiye aliyecheza bosi katika ule mchezo. Pia alikuwa na chaneli yake ya vichekesho, na mwezi uliopita alirekodi kichekesho cha kumwiga Gentille, akamwita komredi, akajivika kofia ya manyoya akawa anaamuru watu wapange foleni ya chapati. Waligombana mbele ya watu. Halafu Jumamosi hiyo hiyo, kabla Gentille hajafikishwa hata anakopelekwa, Muriuki alifuta video zake karibu zote.

Mumbi alimkuta mtaa wa Phillips, kwenye paking ya nyumba ya wazee anakofanyia kazi, amekaa garini anakula wali kwenye kibakuli cha plastiki, hita inanguruma.

"Nilijua utakuja," Muriuki alisema, akamfungulia mlango. "Ingia, aunty. Funga haraka, hewa ya moto ni pesa. Unanisomea haki zangu ama tunaanza tu?"

"Kwa nini ulifuta video?"

"Straight hivyo? Hata chai hujaitisha."

"Muriuki."

Akaweka kibakuli juu ya dashibodi. Utani ulimtoka usoni. "Aunty, mimi nina kichekesho cha landlord. Umekiona? Landlord anakuja kudai rent, wapangaji wote wanajifanya wamekufa. Watu laki mbili wamekiangalia. Sasa Jumamosi wamemchukua Gentille, nikakaa hapa hapa kwa gari nikakiangalia tena, na si kwa macho yangu. Kwa macho ya mtu anayenitafuta. Nikaona, hii ni nini? Wapangaji wameungana. Wanamchukia mwenye mali. Nikafuta. Nikaangalia kile cha daktari na bili. Nikafuta. Ile ya komredi nayo, nilikuwa namtania tu yule dem, lakini ukiiangalia kwa yale macho mengine, ni ushahidi. Kwangu ama kwake. Nikafuta."

"Ulibakisha nini?"

"Za mke na mume na za theluji. Siku hizi nachekesha theluji, aunty. Theluji haina chama."

"Watu wanasema wewe ndiye uliripoti."

"Najua wanasema nini. Nilipita dukani jana, mama mmoja akavuta mkoba wake karibu, kama mimi ni mwizi." Akapangusa kioo kilichojaa mvuke. "Na mimi naomba uniambie ile kitu waliripoti. Ni nini hasa? Hakuna mtu ananiambia, wananinunia tu."

Mumbi akamwambia. Wimbo wa wakati wa kukunja mashuka. Mwishoni, ngumi za kushoto juu.

Muriuki alimtazama, halafu akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hakikuwa na furaha. Akageuka akavuta blanketi kutoka kiti cha nyuma, akafungua mlango.

"Shuka. Shuka kidogo tu, aunty, hautakufa."

Wakasimama nje ya gari. Upepo ulikata. Muriuki akampa Mumbi pembe mbili za blanketi, mwenyewe akashika pembe mbili.

"Huu ndio ule wimbo. Tuko wawili wawili, kila wawili na shuka lao. Rudi nyuma, vuta. Njoo, tukutanishe pembe. Rudi tena. Gentille alitufanyisha hii mpaka vidole vikauma, alitaka mashuka yapige kelele pamoja, paa! paa!, hiyo ndiyo ngoma yetu. Neno la mwisho la wimbo, tuko wapi? Tumeshikilia shuka, tumelivuta, halijakunjwa. Taa zinazimika." Akalivuta blanketi likanyooka ngangari kati yao. "Haya. Sasa inua ngumi."

Mumbi aliangalia mikono yake miwili. Yote ilikuwa na kazi.

"Hakuna mkono," Muriuki alisema. "Hata mmoja. Hata kwenye mazoezi haukuwahi kuwako. Mimi nikitaka kumchoma Gentille, aunty, siwezi kusahau kwamba mikono yangu ilikuwa kwenye shuka. Na bosi ndiye anayeshika shuka la mwisho na Gentille. Nilikuwa namtazama machoni kila siku."

Walirudi ndani ya gari. Mumbi aliweka vidole mbele ya hita.

"Kwa hiyo aliyeripoti hakuuona mchezo," alisema. "Wala mazoezi. Aliusikia wimbo tu, akajaza mengine mwenyewe."

"Kuusikia ni rahisi. Hapa tuna watu wa shifti ya asubuhi, wa jioni, wa usiku, ukingoja wote wakutane hamtaimba mpaka Yesu arudi. Gentille alirekodi wimbo kwa sauti yake akatutumia kwa simu. Unajifunza ukienda kazini. Mimi nimeuimba kwa hii gari mpaka wazee wangu huko ndani wanaujua."

"Wimbo aliutoa wapi? Aliutunga?"

"Hapana. Ni wimbo wa kubembeleza watoto. Babake alikuwa anawaimbia kule kambi ya wakimbizi, kabla hawajaletwa huku. Alituambia ni wa kuvuna mahindi. Alitaka kumfanyia mzee surprise, amsikie akiimba mbele ya watu. Lakini mzee mwenyewe hakuja. Alisema magoti."

"Na aliwahi kuona mazoezi?"

"Mzee Bahizire? Hajawahi kukanyaga."

Mumbi alishika kitasa, halafu akageuka. "Jumamosi, chakula kililetwa na nani?"

"Na sisi wenyewe. Tulibeba sufuria za pilau kutoka barabarani kule mbele, nikateleza nikamwaga kachumbari yote. Niliwaambia tupitie geti la nyuma, Shemasi akasema halifunguki mpaka theluji iyeyuke."

* * *

Mzee Bahizire alikuwa akiishi Fridley, kwenye magorofa ya karibu na kiwanda anakopakia maboksi. Alifungua mlango kabla Mumbi hajagonga mara ya pili. Alikuwa mtu mwembamba, nywele nyeupe zilizokatwa chini kabisa, amevaa shati lililopigwa pasi ingawa hakuwa anakwenda popote.

"Karibu, mama. Ingia, ikala. Aksanti kwa kuja."

Mlangoni palikuwa na buti za Gentille, zimepangwa zikiangalia nje. Mumbi alivua viatu vyake akaviweka mbali na zile buti.

Juu ya meza simu ilikuwa ikizungumza peke yake. Sauti ya mwanamke wa Kimarekani iliuliza maswali ya uraia, moja baada ya jingine, ikiacha nafasi ya kujibu. Umewahi kukamatwa? Umewahi kumdhulumu mtu kwa sababu ya dini yake? Umewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti?

"No," mzee akajibu ukutani, akapunguza sauti ya simu. "Unisamehe, mama. Interview yangu ni wiki ijayo. Kichwa ya mzee ni kama kikapo, unatia maji yanatoka. Donc, basi, nasikiliza mchana kutwa."

"Utapita, Baba Gentille."

"Mungu akipenda. Hata mkono wa kuapa nimejifunza." Akainua mkono wa kulia, kiganja wazi, ukasimama sawa na sikio. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chai ya maziwa kwenye vikombe viwili. Chake alikishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukalala juu ya goti.

"Muna habari gani ya mutoto?" aliuliza.

"Yuko salama. Alice ameongea naye. Anauliza kama unakula."

"Mi nakula," mzee alisema. Jikoni hapakuwa na harufu ya kitu chochote kilichopikwa.

"Baba Gentille, nataka kukuuliza kuhusu wimbo."

"Wimbo gani?"

"Ule wa mchezo."

"Mi sijue mambo ya ile théâtre. Sikuendaka. Magoti, mama."

"Ninao hapa," Mumbi alisema. "Ni sauti yake mwenyewe. Muriuki amenitumia. Nikuwekee?"

Mumbi akaiweka simu yake mezani, kati ya vikombe, akabonyeza.

Kwanza ikasikika injini ya gari, halafu Gentille akikohoa na kucheka: haya jamani, sikilizeni, msinicheke. Kikombe cha mzee kikasimama njiani kuelekea mdomoni. Tangu Jumamosi hakuwa ameisikia sauti hiyo. Binti akaanza kuimba, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto:

*Hindi la mlimani halina bwana,*
*aliyelipalilia ndiye atalitafuna.*

Mumbi hakuangalia uso wake. Miaka aliyokaa Nakuru ilimfunza kwamba uso wa mtu mzima una mazoea ya kuficha. Aliangalia lile goti.

Wimbo ulikuwa mfupi. Ulipofika kwenye neno la mwisho, mkono wa kushoto wa mzee uliondoka juu ya goti. Uliondoka wenyewe, kama kitu kilichovutwa kwa kamba, vidole vikajikunja njiani. Ulipofika usawa wa kifua mzee akauona. Akaachia kikombe, chai ikamwagika juu ya zulia, akaukamata mkono ule kwa mkono wa kulia, akauvuta chini akaukalia.

Simu ya Mumbi ilinyamaza. Mwanamke wa Kimarekani akaendelea kuuliza maswali yake chini chini.

"Kwenye mchezo hawainui mkono, baba," Mumbi alisema. "Walikuwa wameshika mashuka. Hakuna mtu hapa Minnesota aliyewahi kuinua mkono kwa wimbo huo. Huo mkono ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja."

Mzee alitazama chai ikinywewa na zulia.

"Ulijifunzia wapi?"

"Kule juu," alisema. "Mlimani, juu ya ziwa. Bantu ba pori, waasi, balikuwa na inchi yao kule. Balikuwa na shamba, na hôpital, na masomo. Nilikuwa mutoto, mama. Baba yangu alikufa, bakatuchukua mimi na mukubwa wangu, kaka yangu. Kila asubuhi tunapanga mistari, tunaimba ile wimbo, tunainua mkono. Mwalimu alikuwa na bunduki. Hushushi mpaka aseme shusha. Theluji haiko kule, lakini baridi ya asubuhi iko. Unangoja. Mkono unakufa. Siku moja mukubwa wangu alishusha mbele ya wakati."

"Wakamfanya nini?"

"Bakamtuma kubeba risasi. Sikumwona tena."

"Na ukawaimbia watoto wako wimbo huo."

"Sikujua wimbo mwingine!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mama yao alikufa kule kambini, batoto banalia usiku, mi ni mwanaume, sikufundishwaka kubembeleza. Nikaimba ile. Polepole. Nikabaambia ni ya mavuno. Bakalala."

Mumbi aliokota kikombe kwenye zulia.

"Kumbe yeye aliiweka moyoni. Juma ile namsikia jikoni anaimba, amejisahau. Nauliza, anacheka, anasema, papa, itatoka kwa YouTube, dunia yote itasikia. Mi nikaona kifo. Itatoka, mutu atauliza, hii wimbo ulitoa wapi? Atasema, kwa papa. Na kwa dossier yetu, karatasi za ukimbizi, nilisema sikufikaka kule mlimani hata siku moja. Kama ningesema ukweli, tungeoza kambini."

"Ungemwambia yeye aache."

"Nimwambie namna gani? Nikimwambia, anajua. Na yeye anangojea karatasi yake, watamuuliza juu ya baba yake. Mutoto ambaye hajue, hadanganye." Alijifuta uso kwa kiganja. "Donc, nikaenda kwa mukubwa wa kanisa. Kwetu, jambo likikushinda unaliweka kwa shemasi, linaishia pale. Nikamwambia Naftali, zuia batoto basiimbe ile wimbo, ni ya makomunisti ya porini, banainuaka ngumi ya kushoto. Funga ukumbi, sema bomba ya maji imevunjika, sema chochote. Akanishika bega. Akasema, nenda kwa amani."

"Ulimpigia simu?"

"Simu ya nini? Uso kwa uso. Baada ya ibada ya Jumatano, pale kwenye chai."

Mumbi aliinuka akaenda dirishani. Chini, mtu alikuwa akisukuma theluji kando ya gari lake. Aliitoa simu akampigia Alice.

"Hakukuwa na simu," alimwambia wakili. "Naftali alinidanganya. Alimjua aliyemwambia, na akayapeleka mbele mwenyewe, mkono na yote. Na Jumamosi watu wa chakula aliwaambia geti halifunguki, halafu akalikwangua akalifungua. Unajua ni magari ya nani yaliingilia geti la nyuma." Akasikiliza. "Sijui kwa nini. Pengine aliogopa wale wa uhamiaji wafike ukumbini wenyewe kabla hajawaita yeye. Hapo ametoa pazia, ametoa mikate ya Yesu. Hatua iliyobaki ilikuwa moja, kumtoa mtu." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. "Naelewa. Nitamuuliza."

Alirudi akakaa. Mzee alikuwa bado ameukalia mkono wake.

"Naftali ndiye aliyewaita wale watu," Mumbi alisema. "Si wewe."

"Mi nilimpa moto. Yeye alichoma. Nyumba ni ileile."

"Alice anasema hakimu akisikia ukweli kwa kinywa chako, kesi ya Alhamisi inabadilika. Kwamba wimbo ni wako, wa utotoni, binti hajui maana yake, na huo mkono haukuwako. Yale waliyoripotiwa yote yanaanguka. Anaweza kurudi hapa."

"Na mi?"

Mumbi hakumficha. "Alice anasema mtoto aliyepangwa mstari kwa bunduki si mwanachama wa chama. Atakupigania. Lakini ulisema hukufika kule, na ulifika. Hiyo interview ya wiki ijayo, usiitegemee. Na mimi siwezi kukuapia kwamba baada ya hapo hawatakujia wewe."

Kwenye simu, maswali yalikuwa yamezunguka yakarudi mwanzo. Umewahi. Umewahi. Umewahi. Mzee aliisikiliza ile sauti, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Halafu akanyoosha kidole, akaizima.

Akaenda mlangoni, akazishika zile buti za Gentille, akazigeuza zikaangalia ndani ya nyumba. Akarudi akasimama katikati ya sebule, mbele ya kochi, kisigino kwa kisigino.

"Rekodi," alisema.

Mumbi akawasha. Akataja siku, mahali, jina lake. Mzee akataja lake lote, na la kijiji, na la mukubwa wake, ambalo alilirudia mara mbili ili liandikwe vizuri. Akaeleza kila kitu tangu mlimani hadi kwenye chai ya kanisani. Hakuomba msamaha mahali popote.

"Mutoto hajue beti ya pili," alisema mwisho. "Sikumfundishaka. Hakimu asikie, ataona tofauti ya mwenye wimbo na asiye nao."

Akaimba. Sauti ilikuwa ya mtu mzima lakini haikuwa tena ya kubembeleza. Ilikuwa kavu, ya mstari, kila neno limekatwa mwishoni kama kwa panga. Ubeti wa kwanza, kisha wa pili, ambao Mumbi hakuwahi kuusikia, wa kuhesabu maadui mmoja mmoja na kile watakachofanywa. Kwenye neno la mwisho mkono wa kushoto ukapanda, safari hii hakuuzuia. Ukapita kifua, ukapita sikio, ukasimama juu ya zile nywele nyeupe, ngumi imefungwa.

Mumbi akazima rekodi. "Imetosha, baba. Asante."

Mzee alibaki palepale. Alikuwa amemtazama, wima, hapepesi macho. Mkono ulianza kutetemeka begani, mtetemo ukashuka hadi kwenye goti, na mkono bado ulikuwa juu. Nje mtu wa theluji alimaliza kazi yake, akafunga mlango wa gari. Mumbi alikusanya simu, akavaa koti, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, na alipoinua kichwa mzee alikuwa vile vile, amebana midomo, anamtazama yeye, anangoja.

Ndipo akaelewa.

"Shusha, baba," akamwambia. "Shusha."